Pindo la Gauni la Suzana

Jumapili, 17 Novemba 1985

Mvua ya kwanza leo, na imenikuta natoka misa ya pili bila mwavuli, na viatu vyangu vya pekee miguuni. Nimekaa ndani nakausha soli jikoni. Kwa kukosa la kufanya nimefungua daftari nililonunua la kuandikia vipimo vya wateja. Wateja wenyewe wako wapi? Basi naandika mimi.

Naitwa Notburga, mjane, miaka arobaini na tisa, fundi cherehani wa Mjimwema. Fundi kweli, siyo mtia viraka. Nilifundishwa misheni na Sista Adelgunda, Mungu amrehemu, ambaye kabla ya utawa alishona Paris, kwenye nyumba ya nguo za matajiri, miaka ile baada ya vita. Tukiwa tumeinamia sindano alikuwa anatusimulia. Vita ilipokwisha wanawake wa Ulaya walikuwa wamechoka, nguo zimewabana, mabega kama ya askari, kitambaa kinagawiwa kwa kuponi. Mara akatokea bwana mmoja akakata sketi pana inayokula mita kumi na tano, kiuno chembamba, mabega yameshuka taratibu. Kuna waliokasirika wakasema huo ni ufujaji, sokoni wanawake wakawachania wasichana nguo mwilini. Kuna waliolia kwa furaha. "Notburga," Sista aliniambia, "mtu aliyekosa miaka mingi hataki cha kumtosha. Anataka kizidi."

Neno hilo nimeishi nalo miaka yote ya foleni. Tulipofua kwa majani ya mpapai, watu wakavaa magunia, tukasimama toka alfajiri kusubiri kanga moja ya nyumba nzima, mimi nilijiambia: tulia, baada ya haya sketi pana inakuja. Sasa ruhusa ya kuagiza bidhaa imetoka, wenye malori wanaleta vitambaa toka Dar, madukani kuna rangi tena. Nangoja hiyo sketi.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Mteja mmoja, kaputura ya shule imepasuka matakoni.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Katarina. Kule Paris siku hii mafundi wa kike waliofika miaka ishirini na mitano bila kuolewa walivalishwa kofia za kijani na njano, kazi ikasimama, wakachezewa muziki. Nimemtengenezea Pamela kofia ya vipande vya kitambaa. Alicheka mpaka kastabani ikamtoka kidoleni ikaenda kujificha chini ya kabati.

Pamela ana miaka ishirini na tisa, yuko na mimi mwaka wa sita sasa. Mguu wa kushoto ulikufa kwa polio akiwa mdogo. Anakaa na kaka yake Osmund, huku chini karibu na kisima. Mashine anaipigia mguu mmoja, na bado ananipita. Pindo akilishona kwa mkono hulioni, hata uvae miwani mbili. Huwa simsifu mbele yake, asije akavimba kichwa. Lakini humu ndani naandika: ana mkono bora kuliko niliokuwa nao mimi. Nataka nikifa mji huu useme kuna fundi anaitwa Pamela. Sina haja nyingine, watoto Mungu hakunipa.

Jumamosi, 30 Novemba

Dastan, fundi mwenzangu wa baraza, kafungua robota la mitumba, zile nguo za kafa-Ulaya. Kutwa nzima watu wamejaa, wanavuta makoti kama wanagombania nyama. Dastan kaacha kushona kabisa, kazi yake sasa ni kupunguza suruali za Wazungu.

"Mama Paris," kaniita, maana hilo ndilo jina alilonipachika, "hiyo Paris yako imekuja yenyewe, tena kwa kilo!"

Nimemwambia mimi sishoni nguo za marehemu. Kacheka. Na mimi nimecheka, nikarudi kwenye mashine yangu.

Jumatano, 11 Desemba

Jamani! Imekuja!

Mama Kunegunda, mke wa Edmund mwenye lori, kaingia barazani na kifurushi. Kakifungua mezani: satini nyeupe, nzito, mita kumi na nne. Pamela kafuta mikono kwenye sketi yake mara tatu kabla ya kugusa.

"Suzana wangu anaolewa na Mwalimu Leonce," Mama Kunegunda kasema. "Jumamosi ya tarehe nane Februari, kabla Kwaresima haijatufungia. Nataka gauni ambalo Songea haijaliona. Unaliweza au nipeleke Dar?"

"Dar watakushonea pazia," nimemjibu. "Mlete binti nimpime."

Akacheka. Anapenda kujibiwa hivyo, ndiyo maana tunaelewana. Jioni kamleta. Kiuno cha Suzana ni inchi ishirini na sita. Msichana mzuri, mchangamfu, hajui kunyamaza.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimekata gauni la majaribio kwa magunia ya unga yaliyofuliwa. Pamela anapiga bandi, mishono ya muda. Mvua kutwa.

Alhamisi, 9 Januari 1986

Nguo ya namna hii kazi yake iko ndani. Mtu wa nje anaona satini, hajui chini yake kuna bitana, chini ya bitana kitambaa kigumu kimeshonwa mishono midogo elfu na kitu, na kiunoni vimesimama vijiti vya mwanzi tulivyovichonga, tukavichemsha, tukavisugua mpaka vikalainika. Gagulo la kunyanyua sketi tumelitengeneza kwa katani. Dastan anapita, anatikisa kichwa. "Wiki nne kwa gauni moja! Mimi wiki nne nimevisha kata nzima."

Pamela kamjibu, "Umewavisha, hujawapendezesha." Loo! Msichana mpole yule. Nimefurahi siku nzima.

Jumanne, 28 Januari

Suzana kaja kujaribu. Kiuno kimeongezeka, inchi ishirini na saba na nusu. Nimepima mara mbili. Kaniangalia kwenye kioo, nami nikamwangalia. Yanayonihusu mimi ni gauni. Nimevuta kamba zinazofungia gauni mgongoni mpaka kiuno kikarudi pale ninapokitaka. "Unapumua?" nimemuuliza. "Kidogo, Mama." "Kidogo inatosha, ni siku moja tu."

Pamela alikuwa amepiga magoti anachoma pini chini. Suzana kamshika bega: "Na wewe lini, dada Pamela? Nije kukupigia vigelegele." Kasema bila ubaya. Pamela kajibu, "Mungu akipenda," pini mdomoni.

Alhamisi, 6 Februari

Pindo. Mzunguko wa sketi ni mita tisa, na Pamela kalishona kwa mkono tangu juzi. Mchana tumehamia ndani tukafunga mlango sababu ya matope ya wapita njia. Nikamkumbuka Sista, nikamsimulia Pamela alichotusimulia. Kule Paris, fundi msichana akishona gauni la bibi harusi, huficha unywele wake ndani ya pindo. Bahati ya harusi humfuata, naye hupata mume kabla mwaka haujaisha.

"Ng'oa na wewe uweke," nimemwambia.

Kaacha kushona. "Mama, nywele kwenye nguo ya mtu? Hapana. Watu wataelewaje?"

"Nani ataona? Lile pindo lako hata malaika halioni."

"Mama, siyo vizuri."

Nikamcheka. Nikamwambia mambo ya kishamba ayaache mlangoni, hii ni nguo ya Paris na Paris ndivyo wanavyofanya, tena aliyeniambia ni mtu wa Mungu. Nikasema, au hutaki mume? Hilo nisingelisema, lakini nimelisema. Basi kang'oa nywele tatu nyuma ya sikio. Nywele zetu hazikai kama za Wazungu, zinajikunja na kudondoka. Nikamwambia azifunge pamoja kwa uzi mweupe. Kafunga, kazungusha uzi mara nyingi, macho kafumba, midomo inacheza. Kisha kashonea ndani, vidole vitatu kutoka mshono wa nyuma. Tumecheka wote wawili mwishoni. Nimefurahi kama vile nimemwozesha.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi. Mvua ilisimama saa tatu asubuhi, utadhani imeagizwa. Suzana aliposhuka kwenye gari mbele ya kanisa, watu walinyamaza. Siyo vigelegele, walinyamaza kwanza. Ile sketi ilitoka mlangoni mwa gari taratibu, ikajaa, ikasimama. Kiuno kile! Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe bado tupo." Nililia mbele za watu wote, mimi Notburga, na sioni aibu.

Wakati wa kutoka Mama Kunegunda akanishika mkono akaunyanyua juu. "Fundi wangu huyu hapa!" Nami nikamtafuta Pamela niunyanyue wa kwake. Alikuwa nyuma kabisa kwenye nguzo, amevaa gauni lake la bluu, anatabasamu peke yake. Nilimpungia, akanipungia.

Jumatano, 12 Februari

Majivu. Wanawake watano wameleta vitambaa, harusi na jubilei za baada ya Pasaka. Mmoja kasema, "Na mimi nataka ile pana." Sista Adelgunda, unasikia? Wanataka kizidi.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Paa linavuja juu ya mashine, tumeihamisha.

Jumamosi, 1 Machi

Suzana yuko hospitali tangu juzi. Ilianza homa, halafu mimba changa ikatoka. Wenye kuhesabu miezi wahesabu, mimi simo. Lakini usingizi sina. Nawaza zile kamba za mgongoni, na mkono wangu ulivyozivuta. Nimemuuliza mkunga jirani yangu kwa kuzunguka, kama vile naulizia mtu mwingine. Kasema nguo haitoi mimba, homa ndiyo inatoa. Sijui kama nimemwamini.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike yote kama yalivyokuwa, angalau humu.

Suzana karudi nyumbani, mzima lakini kakonda. Binamu yake anaolewa baada ya Pasaka, naye ni mfupi, ikaamuliwa aazimwe lile gauni likatwe chini. Kwangu hawakulileta, walijua nitakataa kulikata. Wakalipeleka kwa Dastan, mita nne tu kutoka nilipokaa! Shangazi yake Suzana alikuwa amesimama pale anangoja. Dastan akaanza kufumua pindo. Mara nikasikia, "Mama yangu!" Gauni lile akalitupa chini kwenye matope ya baraza. Alikuwa anajifuta vidole kwenye suruali, anarudi nyuma.

"Nini?" nikauliza, na nilikwishajua.

"Kuna kitu kimefungwa! Nywele! Nywele za mtu zimefungwa uzi!"

Shangazi akapiga ukelele. Kabla sijavaa viatu watu walikuwa wamejaa. Dastan hakukusudia ubaya, hilo lazima niliandike. Aliogopa tu, kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angeogopa. Nilikiangalia kile kitu kwa macho yao, na kweli, kilikuwa hirizi. Nywele nyeusi, uzi umezungushwa, mafundo mengi. Ungemwonyesha mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Mbinga angekwambia hivyohivyo.

Mama Kunegunda akaja. Hakunisalimu. Gauni alikuwa amelichukua kwa fimbo, kaliweka ndani ya beseni. Nyuma yake wapo wanawake ishirini, Osmund kaka yake Pamela naye ameitwa toka kisimani.

"Notburga. Kwenye gauni hili kuna kitu nataka kukuuliza."

Nilidhani atasema kiuno. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa, kwenye zile kamba. Nilikuwa nimeshika futi ya kupimia, nangoja aseme, wewe ndiye uliyemkaba mwanangu.

"Nani alishona pindo?"

Nilifarijika. Mungu anisamehe, nilisikia wepesi kabisa, kama mtu aliyekoswakoswa na gari. "Pamela," nikasema.

Pamela akasimama, kashika meza kwa sababu ya mguu. "Nywele ni zangu," akasema. "Niliziweka mimi." Halafu akageuka akaniangalia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniangalia vile anavyoniangalia ninapokaribia kumweleza mteja jambo la ufundi, anangoja nieleze, maana maneno ya mambo hayo ni yangu.

Watu wote wakaniangalia mimi.

"Mimi hilo sikuliona," nikasema.

Pamela akaendelea kuniangalia kidogo. Kisha akaangalia chini.

"Msichana hana mume," sauti ya mwanamke ikasema, "kapewa nguo ya mwenzie."

"Mimba ya watu hiyo," mwingine akasema.

Osmund akamshika dada yake mkono akamwondoa. Mguu ule unaburuza, na nyuma watoto wanapiga kelele. Nimesimama pale mpaka baraza limebaki tupu. Dastan kaniletea kiti. Sikuwa namuogopa mtu, hata mganga simwogopi. Niliogopa kwamba nikianza kusema nitasema yote, na yote yana kiuno ndani yake.

Ijumaa, 7 Machi

Pamela hakuja kazini.

Jumapili, 9 Machi

Pamela alikuja misa. Benchi alilokaa lilikwisha watu, mmoja mmoja, bila kelele. Mimi nilikuwa benchi la tatu mbele yake. Sikugeuka.

Jumanne, 11 Machi

Wale wanawake watano wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Wote siku moja, kama wamepangana. "Siyo kwa ubaya, Mama Paris." Mmoja kanunua gauni kwa Dastan, la kafa-Ulaya, la nailoni, lina doa la mvinyo kifuani. Nimeuza mtoto wa watu na baraza bado limekufa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeungama. Padri akasema, "Mama, mdomo uliosema 'sikuliona' ndio huohuo ukaseme 'niliona.' Kwa watu walewale. Hayo ndiyo malipizi yako, sina mengine."

Jumamosi, 15 Machi

Nilifika mpaka kona ya nyumba ya Mama Kunegunda. Mvua ikaanza, nikarudi.

Jumatatu, 17 Machi

Nilifika kona ileile. Hapakuwa na mvua. Nimerudi vilevile.

Alhamisi, 20 Machi

Osmund kaja, kavua kofia. Kijana wa heshima. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pamela hajambo?"

"Mzima. Lakini hali chakula." Kakaa. "Ukoo umekaa. Tumeamua akanyolewe."

Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake. Mtu akishikwa na uchawi anapelekwa kwa mnyoaji, siku mbili za safari. Anakiri mbele za watu kwamba ni yeye, ananyolewa kichwa na mwili, anakunywa dawa. Akirudi ni safi. Anayemtaja tena kwa jambo lile anakuwa yeye ndiye mwenye kosa. Mnyoaji hamnyoi asiyekiri.

"Osmund," nikasema, "ni mimi nilimwambia aweke." Maneno yalitoka yenyewe. Nikamweleza Paris, Sista, gauni za maharusi, bahati ya mume. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kumbe haikuwa vigumu vile.

Kisha akatikisa kichwa, kwa huruma. "Mama, unampenda sana Pamela, tunajua. Lakini Wazungu, tena masista, waweke nywele kwenye nguo ya bibi harusi?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nikiwaambia wazee hivyo watasema tumekula njama."

"Ni kweli, Osmund!"

"Mbona siku ile hukusema?"

Niliinama nikaokota pini iliyokuwa chini.

"Mke wangu ana mtoto mchanga," akasema. "Kanambia ama wifi anyolewe, ama yeye anarudi kwao. Kama ni kweli, njoo useme mbele ya wazee na Mama Kunegunda. Jumamosi saa mbili asubuhi, hapo tunapopandia lori. Ukisema wewe, mimi nitamshusha."

"Nitakuja."

Jumamosi, 22 Machi

Niliamka saa kumi na moja. Nilivaa suti yangu niliyoishona mwenyewe, ile ya kijivu yenye kiuno. Nikakaa kitandani nipange maneno. Kwanza nitasema nywele, pili nitasema Sista, tatu je, wakiuliza mbona ulinyamaza? Nikayapanga upya. Nikaona kifungo kimoja kimelegea nikakishona. Nikafuta viatu. Niliposikia redio ya jirani inatoa taarifa ya habari nikajua imeshafika saa mbili, na bado nilikaa.

Nilifika saa mbili na nusu. Alikuwepo mama muuza vitumbua. "Wameshaondoka, Mama. Walikungoja. Yule kaka alikuwa anaangalia njia ya kwako mpaka dereva akamgombeza."

Jumapili, 23 Machi

Matawi. Mvua kubwa, mto umejaa.

Jumatano, 26 Machi

Hakuna habari. Nimeamua. Siku ya Pasaka, baada ya misa, uwanjani, watu wote wakiwepo. Nitapanda ngazi za kanisa niseme. Safari hii siandiki maneno.

Jumamosi Kuu, 29 Machi

Wamerudi. Pamela kaja barazani mwenyewe, saa tisa mchana, kajifunga kanga kichwani. Nilitaka kumkumbatia, akanipa mkono.

"Kaa, mwanangu." Akakaa kwenye stuli yake. "Kesho nasema," nikamwambia. "Mbele ya kanisa zima. Nasema ni mimi niliyekulazimisha, ni mila ya mafundi, haina kitu ndani yake. Nasema nilidanganya. Na kiuno nitakisema pia. Jina lako litarudi."

"Usiseme, Mama."

"Lazima niseme, Padri mwenyewe..."

"Usiseme!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Kisha akaishusha. "Nimeshakiri. Dawa nimekunywa. Mama Kunegunda leo kanisalimia, kanipa mkono, Suzana kanipa maji ya kunywa. Wifi kanikabidhi mtoto nimbebe. Wewe kesho ukisema sikuwa mimi, watasema basi dawa haikushika, kanyolewa mtu siye. Wataanza upya. Wataanza na wewe, halafu watarudi kwangu." Akavuta kanga vizuri. "Sitaki kwenda kule tena, Mama. Wanakunyoa kila mahali."

Nilikuwa nimekaa na futi shingoni kama mjinga. "Lakini siyo kweli, Pamela. Wewe unajua siyo kweli."

Alikuwa anaangalia mashine yake.

"Nilidhani hivyo na mimi," akasema. "Mnyoaji aliniuliza, ulipofunga ule uzi ulikuwa unasema nini moyoni? Nikataka kumdanganya, nikashindwa. Nilikuwa namwonea wivu Suzana. Tangu siku ile aliyoniuliza, na wewe lini. Nilikuwa nasema, kwa nini yeye, kwa nini siyo mimi. Nilizungusha uzi nasema hivyo. Unaona, Mama? Kitu kilikuwemo."

"Wivu siyo uchawi! Nani hana wivu? Mimi nilikuambia uweke nywele..."

"Nywele uliniambia wewe," akasema taratibu, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa. "Lile la moyoni hukuniambia wewe. Mtu hajijui mpaka ajulishwe. Mimba ya watu ilitoka, Mama."

Nimebishana naye saa nzima. Nimemwambia homa, nimemwambia mkunga, nimemwambia kamba za mgongoni na jinsi nilivyozivuta. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyonisikiliza siku zote, kisha akasema nisijisingizie kwa ajili yake. Nimelia. Yeye hakulia.

Jumapili, 30 Machi, Pasaka

Sikusema kitu. Baada ya misa Pamela alisimama katikati ya wanawake, Mama Kunegunda kamshika bega. Wote walikuwa wamefurahi kweli, furaha ya watu walioponya mtu. Nikapita pembeni.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua zinapungua. Gauni walilichoma moto, kumbe. Dastan ndiye aliyeniambia. Kasema satini inanuka vibaya ikiungua.

Alhamisi, 10 Aprili

Pamela kapita asubuhi kunijulia hali, anatoka shambani kwa Osmund, jembe begani. Nilimwambia arudi kazini hata kwa bure, hata kwa saa moja. Akasema ataona. Nilikuwa na shati la shule la mtoto wa jirani, limekatika kifungo kimoja. Nikamsogezea, na sindano nimeshaitunga uzi. Nikasema, "Nisaidie hicho tu, macho yangu leo hayaoni."

Akavirudisha vidole vyake nyuma, akavificha ndani ya kanga.

"Hapana, Mama," akasema. "Ni mtoto mdogo huyo."

Kifungo nimekishona mwenyewe.